Jezi ya Hemedi

Bi Tabia alikwenda ofisi ya chama cha soka kuomba jambo moja tu: apewe nakala ya taarifa ya ile mechi ambayo marehemu mumewe, Hemedi, aliidakia timu ya taifa, ikasomwe kwenye arobaini yake.

Karani akafunua daftari kuukuu, akafuatisha majina kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Pole, mama. Jina lipo, lakini kwenye wachezaji wa akiba. Hakuingia."

"Aliingia, mwanangu! Alidaka penalti mvua ikinyesha, akagaragara matopeni. Maisha yetu yote ananisimulia."

"Mvua imeandikwa humu. Penalti aliidaka mwenzake."

Bi Tabia akaitoa jezi ya mumewe mfukoni. Alikumbuka Hemedi alivyomkabidhi aifue aliporudi kutoka mechi ile, naye, bi harusi wa juzijuzi, akaikuta nyeupe pe, akadhani imeshafuliwa kambini.

"Basi niandikie kwamba alikuwepo."

"Hilo nitaandika, mama."

Nje mvua ilikuwa imekatika. Aliichomeka karatasi kifuani, akachuchumaa penye dimbwi kando ya geti, akachota tope kwa kiganja, akaanza kuipaka ile jezi taratibu, kuanzia viwikoni.