Mguu wa Nyuzi za Mgomba

Mguu ulivunjika mama akiwa bado hajafika barabarani. Desderius alimdaka kabla kichwa hakijagonga jiwe.

"Niache nicheke kwanza," alisema Mama Febronia, amekaa vumbini. "Leo nimefika mbali kuliko juzi. Kanisani nitafika tu."

Tangu kisukari kimpokonye mguu, hakuwa na ombi jingine: asibebwe tena kwenda misani.

Huo ulikuwa mguu wa bandia wa tatu ambao mwanawe alimtengenezea. Desderius aliokota vipande, akatazama palipovunjika. Nyuzi za mgomba zilikuwa zimechomoka kwenye gundi nzima nzima, kama sindano kwenye kitambaa. Chuoni alifundishwa kwamba uzi wa mgomba una nta, na nta, kama mafuta yoyote, huikataa gundi. Ndiyo maana aliziloweka nyuzi zake katika kostiki ya kutengenezea sabuni, akazisuuza, akazianika uani hapa Murusagamba hadi zikawa kavu, za kukwaruza. Uzi wa namna hiyo hung'ang'ania gundi kama kupe na ng'ombe.

Basi kosa lilikuwa kwenye gundi. Na gundi ililetwa na Elick, rafiki yake tangu shule ya msingi, kutoka Nyakanazi.

"Umeichakachua," alimwambia.

"Mimi? Gundi ya mguu wa mama?" Elick aliuliza. "Desi, mama huyu amenilisha." Akawasha pikipiki. Hakurudi tena.

Bila gundi hapakuwa na mguu wa nne. Desderius alichonga magongo mawili, akayaegemeza ukutani kando ya vikapu alivyosuka mama, akafunga begi. Alikuwa amepata kibarua cha kushusha mizigo huko huko Nyakanazi.

Asubuhi ya safari mama alimwekea ndizi zisizoungwa.

"Unisamehe, mwanangu. Samli imekwisha yote."

Kisha akavishika viganja vya Desderius, akavigeuza huku na huku, uso ukamchangamka. "Ona! Hata mkwaruzo huna."

"Mama, mguu wenyewe umenishinda. Mikono ina faida gani?"

"Usiseme hivyo. Ile dawa yako ilizikausha nyuzi zikawa kama wembe, na sisi wasukaji hatushiki uzi mkavu. Kila ulipozianika ukaenda shambani, nilikaa hapo uani nikazipaka samli, uzi mmoja mmoja, zisije zikakukata."