Kiti cha Nyuma, Kushoto

Zéphirin alipanda boti viatu mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake: nyuma kabisa, upande wa kushoto.

"Hapana, baba mukubwa, leo shuka kwanza," Gauthier akamwambia. "Nimekuita juu ya unisaidie kuchagua."

Neno hilo lilimfurahisha. Miaka mingi watoto wa marehemu mdogo wake, wenye malori ya kubeba shaba, walikuwa wanapita mtaa wake wa Makomeno bila hata kupiga honi. Halafu mwaka huu, ghafla, gari ya Gauthier, mmoja wao, ikaanza kuja kila Jumapili baada ya misa, kumchukua yeye na mke wake Delphine na kuwaleta hapa ziwani. Watu wa avenue yake waliona. Zéphirin alihakikisha wanaona.

Gauthier alikuwa na mchezo wake: kusimama juu ya ubao nyuma ya boti na kuteleza kwenye wimbi linaloinuliwa na boti yenyewe, bila kamba. Wao walikaa, wakatazama, wakapiga makofi. Kabla ya kupanda, kila mara aliwajazia bukari, ugali wa kwao, na kuku.

"Mukule, mukule. Boti yangu haipendi bantu ba njaa."

Delphine peke yake ndiye aliyekuwa na mdomo. Alipotoka hospitali amekondeshwa na malaria, gari ilikuja, ikamwacha, ikamchukua jirani yao Mama Mujinga, mwanamke wa mwili mkubwa ambaye si ndugu ya mtu pale.

"Ile familia iko ya namna gani?" Delphine aliuliza.

"Mutoto anakuhurumia. Anataka upumzike," Zéphirin alijibu, akamnunia mpaka kulala.

Leo Zéphirin alikuwa na lake moyoni. Wakwe wa binti yake Léa walikuwa wanakuja kuleta mahari, na upande wa baba hapakuwa na mtu wa kukaa naye ila Gauthier. Mzee akikaa peke yake siku kama ile, wakwe wanamwona kama mtu aliyeokotwa barabarani.

Kando ya boti, kwenye saruji, fundi Jephté alikuwa ametandaza balasti za aina mbili, vitu vya kuipa boti uzito ili wimbi lipande: mifuko midogo ya madini ya risasi, na mfuko mmoja mrefu wa plastiki ngumu, mtupu, na pampu yake.

"Risasi haikamate nafasi," Jephté akasema. "Lakini ukiiweka, iko pale. Utaivuta mpaka mjini. Maji, unajaza na pampu, unacheza, ukimaliza unamwaga."

"Baba mukubwa, unasema nini?"

Zéphirin aliizunguka mifuko kama mtu anayenunua mbuzi. Tangu aache kazi ya reli, hakuna aliyemuuliza wazo lake juu ya kitu chochote.

"Kamata maji," akasema. "Juu ya nini kubeba kitu siku zote, na kazi yake iko ya saa moja? Kazi ikiisha, mwaga."

Gauthier alicheka mpaka akashika tumbo. "Wewe njo mwenye akili, baba mukubwa."

Zéphirin akaona mlango umefunguka. "Basi, ile mambo ya Léa. Utakuya kukaa na mimi?"

"Tutaona. Kwanza tujaze."

Jephté akawasha pampu. Zéphirin mwenyewe alisaidia kuulaza mfuko kwenye kiti cha nyuma, kushoto. Ukavimba, ukajaa, kiti kikaisha. Boti ikainama upande ule ule inakoinama kila Jumapili. Mzee akabaki amesimama na viatu vyake mkononi, akitafuta pa kukaa.

Kule mbele Gauthier na fundi walikuwa wanaongea kwa sauti kubwa, kuishinda kelele ya pampu. Pampu ikazimika.

"Na zamani, mbele ya hii, ulikuwa unatumikisha nini?" Jephté alikuwa anauliza.

Gauthier alionyesha nyuma kwa kidole gumba, bila kugeuka.

"Ile pale. Iko muzuri, lakini inakulaka sana."