Kiti cha Mganga

Mganga alikuwa amebakiwa na pointi moja ya uhai, na Ruphin hakujua amwokoe vipi.

Ni yeye mwenyewe aliyemtunga, pamoja na mashujaa wengine watatu wapya wa mchezo wake wa mezani, mchezo wa mapanga na mazimwi. Tangu atoke misa alikuwa akiwajaribu peke yake katika chumba chake cha kupanga, mtaani Kasapa. Anarusha dadu, anahama kiti, anabadilisha sauti.

Kanuni aliiandika kwa biki nyekundu: mganga hajiponyi, lazima mchezaji mwingine amshike mkono.

Akaunyosha mkono juu ya meza. Ukabaki pale, kiganja wazi, kando ya doa la chai.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama mwenye nyumba.

"Ruphin, kuko kilio kwa jirani, tunatafuta viti." Akachungulia ndani. "Bantu beko wapi? Minasikia sauti ine humu tangu asubui."

Ruphin akavitazama viti vinne.

"Bamesha kwenda, mama."

"Bote?"

"Bote."

"Na bakapita bila kunisalimia!"

Akabeba viti vitatu, kimoja juu ya kingine, akambakizia kimoja.

Ruphin akakaa. Akaikata ile kanuni, akaandika juu yake: mganga anaweza kujiponya mwenyewe.

Kisha akarusha dadu. Safari hii wote wanne walizungumza kwa kunong'ona.