Doa Ukingoni

Gunnvor alikuwa macho kwenye meza ya upasuaji, fuvu limefunguliwa, na alichotaka ni kuona skrini.

"Nigeuzie kidogo, daktari. Mimi huko kwetu Oppdal nawapima kondoo mimba kwa mashine ya ultrasound kama hiyo, mwaka wa ishirini huu."

"Leo hatutafuti mwanakondoo, mama," daktari alicheka, lakini akaigeuza.

Uvimbe wa ubongo alikuwa ameshautoa. Alijaza maji ya chumvi palipobaki wazi, akaingiza kifaa chembamba kama kalamu. Kwenye skrini shimo likaonekana jeusi, ila ukingoni paling'aa doa jeupe, dogo kama punje ya shayiri.

"Na hilo?"

"Mabaki ya uvimbe. Yamekaa jirani na sehemu ya usemi. Nikiyaacha, yatakua. Nikizidisha, utapoteza maneno."

"Utajuaje pa kuishia?"

"Wewe ndiye utakayenionyesha. Endelea kuzungumza."

Daktari alipokuwa akiyaondoa, Gunnvor akaanza kuwataja kondoo wake kwa majina, na kila mmoja alizaa wangapi. Kwa yule mwenye pembe moja, jina likagoma kutoka.

Mkono wa daktari ukasimama. Maji yakamiminwa tena, kifaa kikarudi. Wote wawili wakaukodolea macho ukingo kwenye skrini, wakilitafuta lile doa.

"Ha... hamna kitu," Gunnvor akasema, polepole.