Wimbo wa Aliyeua Simba

Shati lilimbana Morgan kwapani. Lilikuwa la kahawia, zito, limeshonewa hirizi za ngozi na vioo vidogo kifuani, na kila alipopumua hirizi ziligongana.

"Bonface, mimi ni dereva," alisema. "Tena ni shemasi. Wakiniona hivi kanisani kwetu nitawaambia nini?"

"Na hiyo kofia hakuna atakayekujua." Bonface, Mkenya mwenzake, alikuwa msimamizi wa jukwaa katika tamasha hilo la Riyadh, na ndiye aliyemtafutia Morgan kazi ya kuendesha basi la wageni. "Mwindaji mmoja kutoka Mali ameugua. Madam mwenye tamasha ameahidi watu saba. Wakitokea sita, halas, kazi imeisha, mimi nimeenda nyumbani. Wewe kaa pale mwisho tu. Wenzako wakiinuka, inuka. Wakicheza, cheza."

"Na wakiniongelesha?"

"Kwa lugha gani? Hao ni watu wa msituni. Achana nao."

Morgan akapanda jukwaani, akaketi kwenye kigoda cha mwisho. Hakuthubutu kuwatazama wale sita usoni. Hawa ni watu waliolala porini na kuzika wenzao kwa muziki wao, aliwaza, na mimi nimevaa nguo yao kama mwizi aliyeianua kwenye kamba ya jirani. Aliyeketi karibu naye alikuwa akimalizia maongezi kwenye simu kwa Kiarabu cha haraka, akicheka. Morgan alizidi kuona haya. Mwindaji kutoka Mali anaongea Kiarabu hivyo, na yeye aliyekaa Saudia miaka yote hii bado anahangaika na yalla na mafi, "twende" na "hakuna".

Jua la alasiri lilikuwa likiwapiga watazamaji machoni. Mmoja wa wale sita akalilaza tumboni zeze lake kubwa la kibuyu na kuanza kuzichuna nyuzi, taratibu, sauti nene ya chini ikijirudia. Mwingine akakwaruza chuma. Watu wakainua simu zao.

Hapo ndipo Morgan alipomwona mzee. Alisimama mbele kabisa, amevaa kilemba na kanzu nyeupe iliyofifia, na hakuwa akipiga picha. Alikuwa akimtazama mwindaji mmoja baada ya mwingine, polepole, kama mtu anayetafuta jamaa yake kwenye umati. Macho yake yalipofika mwisho wa mstari, yakatua kwa Morgan na kubaki hapo.

Amenijua, Morgan aliwaza. Akaivuta kofia chini usoni.

Mtangazaji akashika kipaza sauti, akasema kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza: "Wimbo unaofuata hupigwa mwindaji anapofariki. Anayeruhusiwa kuinuka ni yule tu aliyemkabili simba na kumuua. Asiyefanya hivyo akiinuka, amemtukana marehemu."

Zeze likabadilika. Wale sita wakainuka kwa pamoja, hata mpigaji na zeze lake, wakaanza kuzunguka wakitikisa mabega, na watazamaji wakashangilia. Wote sita! Morgan hakuwahi hata kuchinja mbuzi.

Pembeni, nyuma ya pazia, Bonface alikuwa akimpungia mkono kwa hasira. Inuka! Morgan alijaribu. Aliegemeza viganja magotini, akajiinua kidogo, akamwona yule mzee akifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Akaketi tena na kuinamisha kichwa. Simu zilimwelekea, mtu akacheka, na watoto wakamnyooshea vidole. Wimbo ulikuwa mrefu. Alibaki pale peke yake kwenye kigoda, uso ukimwaka, mpaka uzi wa mwisho ulipochunwa.

Makofi yalipokwisha alishuka haraka, akapita nyuma ya jukwaa huku akihangaika na vifungo vya shati. Alitaka kulivua kabla Bonface hajafika. Lakini mzee alikuwa tayari amesimama pale kwenye ngazi, na alimshika mkono.

"Haji," Morgan alianza, kwa Kiarabu chake kibovu. "Nisamehe. Shati hili..."

"Nimepanda basi kutoka Jeddah," mzee alisema. Alizungumza polepole, ili aeleweke. "Ndugu yangu alikuwa mwindaji. Alifariki Mali, na mimi niko huku, sikumzika. Nikasikia wawindaji wa kwetu wanakuja Riyadh. Nikasema angalau nitasikia anapigiwa wimbo wake."

"Haji, nisikilize. Mimi sikuinuka kwa sababu..."

"Najua kwa nini hukuinuka."

Morgan alitamani ardhi imfunike na hirizi zake zote.

Mzee akageuka, akawatazama wale sita waliokuwa wakipiga picha na wageni kando ya jukwaa.

"Wale nawafahamu. Ni majirani zangu Ghulail, mtaa wetu kule Jeddah. Mwenye zeze hupiga kwenye harusi. Yule mrefu ni kinyozi, na huyo anayecheka anauza viatu mlangoni kwangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwinda sungura, na wote wameucheza wimbo wa maiti." Akaubana mkono wa Morgan kwa mikono yake miwili. "Katika saba wote, mwindaji nimemwona mmoja tu: yule aliyejua hajaua simba, akabaki ameketi. Mwombee ndugu yangu."

Akavua kilemba, akainamisha kichwa mbele ya Morgan, akangoja.