Kanzu ya Sauti ya Pili

Atuganile alipohamia Makambako kufundisha, hakumjua mtu hata mmoja. Jumamosi ya kwanza, akiwa anadeki chumba alichopanga, simu ililia. Miaka hiyo kila kanisa liliingiza namba yake katika simu ya yeyote aliyehamia jirani, na simu nayo ikalieleza kanisa habari za mwenyewe. Ndiyo ilikuwa sheria, na watu walishaizoea.

"Bwana asifiwe, mwalimu Atuganile," ilisema sauti ya mama mmoja. "Mimi ni Mama Lugano, katibu wa usharika wa hapa kilimani. Karibu nyumbani, mwanangu."

"Amina, mama! Ahsante sana!"

Atuganile alikaa juu ya begi lake akacheka hadi machozi. Wiki nzima hakuna aliyekuwa amelitaja jina lake.

Kesho yake aliwahi ibadani. Wanakwaya walimkumbatia, wakampeleka moja kwa moja kwenye safu ya sauti ya pili, na kweli ndiyo sauti aliyoimba tangu utotoni. Mama Lugano akamvika kanzu ya zambarau, nayo ikamkaa kana kwamba fundi alimpima.

"Mmeishona lini, mama?"

"Mwezi uliopita. Tulikuwa tunakusubiri."

Mwezi uliopita Atuganile alikuwa hajaomba hata uhamisho. Alitaka kuuliza zaidi, lakini kinanda kilianza, na wimbo ulikuwa ule aupendao kuliko zote. Akaimba kwa nguvu, uso ukimng'aa kwa furaha, mkono mmoja umeikamata simu mfukoni.