Filamu Imesafishwa

"Usipumue," baba yake alisema, kichwa amekiinamisha juu ya kamera kama mtu anayechungulia kisima.

Notburga, ambaye nyumbani walimwita Burga, akabana pumzi. Kamera yenyewe ilikuwa sanduku jeusi tu, kuukuu, ambalo baba yake, mzee Hironimus, aliuziwa kwa bei ya bure na bruda mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Halikuwa na makuu. Unalishika tumboni, jua liwe mgongoni kwako, unabonyeza, linalia chak. Aliyesimama mbele akitikisika kidogo, anatoka kama moshi.

Burga alitamani atoke kama moshi. Lakini alikwisha kuambiwa: ukitikisika tunarudia, na jua bado lipo.

Filamu ilikuwa moja, ya picha nane. Hata siku hizi za ruksa, maduka yalipojaa tena, filamu ya sanduku lile ilibidi iagizwe Dar, ikakaa njiani wiki tatu. Picha zote nane zilikuwa za kwenda Makambako kwa Isidori, mgane mwenye malori mawili, rika la baba yake. Lori lingepita Jumamosi kuzichukua. Jumapili Isidori angechagua mke kati ya mabinti watatu, na alikwisha kusema hangoji mtu.

Burga alikuwa na miaka kumi na tisa na fomu ya kusomea uuguzi kule Mbesa. Alikwisha kuijaza yote, ikakwama kwenye picha: walitaka mbili, ndogo, kabla ya mwisho wa mwezi. Siku alipomwomba baba yake ampigie hata moja ya fomu, baba alinunua kufuli la geti. Ufunguo mmoja akautia mfukoni. Wa pili akampa Mama, naye Mama akaufunga kwenye pindo la khanga. Tangu siku hiyo Burga aliuona mtaa wao wa Bombambili kupitia tundu la bati.

"Ya mwisho iwe ya uso," Mama alisema sasa. Alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani. "Asimame hapa, Baba Burga. Mwanaume anataka kuona sura, haoi migomba."

Baba akacheka. "Unamsikia mama yako? Huyo ndiye mwenzangu."

Burga hakucheka. Tangu asubuhi Mama ndiye aliyemsuka, ndiye aliyempaka mafuta, ndiye aliyemwinua kidevu kwa vidole viwili. Hakusema hata mara moja, mwache mtoto asome.

Chak. Ya nane.

Alhamisi asubuhi Baba alikuwa amechelewa kazini. Aliiacha filamu mezani, imeviringishwa ndani ya karatasi yake nyekundu. "Mama Burga, hii isafishwe leo."

"Itasafishwa."

Mama akaitia kapuni, akaenda sokoni, akarudi na dagaa. Mchana Burga alimsikia uani akifua, maji yakimwagika.

Baba aliporudi, filamu ilikuwa kwenye kamba, kati ya shati lake na foronya, imebanwa kwa vibanio viwili, inachuruzika povu.

Aliishika ncha kwa vidole viwili. "Mama Burga. Hii ni nini?"

"Si ulisema isafishwe."

"Na fundi. Studio. Filamu inasafishwa studio, kwa dawa, gizani."

"Hukutaja fundi, Baba Burga. Nimetumia sabuni ya mche. Ya unga niliogopa ingeichubua."

Jirani yao Fausta, aliyekuwa akisikiliza kwa upande wa pili wa ua, alicheka mpaka akashika bati. "Na kamera, Mama Burga, umeipiga pasi?"

Kufikia kesho yake soko zima lilikuwa na habari hiyo.

"Miezi minane unakwenda parokia kila jioni eti kujifunza kushona," Baba alisema, "sijaona hata leso. Bora ungekwenda ngumbaru, ukajua walau jina lako. Kliniki mpaka leo unaweka dole gumba."

"Nisamehe, Baba Burga."

Burga ndiye aliyeianua. Karatasi ilikuwa imelainika kama ugali uliolala. Alikumbuka ilikuwa nyekundu. Sasa ilikuwa kijani. Sabuni hiyo, alijisemea, akaitupa jalalani.

Jumamosi lori lilipiga honi nje, likangoja, likaondoka. Jumatatu habari zikafika kwamba Isidori amechagua binti wa Mbinga. Burga hakujua acheke au alie. Ujinga wa mama yake ulikuwa umemponya na Isidori, lakini haukuwa umemfungulia geti. Mwezi ulibakiza siku nne. Baba alikuwa ameshaagiza filamu nyingine, na pale mezani alikuwa ameanza kumtaja mtu wa Njombe, mwenye mashine ya kusaga.

"Safari hii nitaipeleka studio mwenyewe," alisema, akamtazama mkewe. Mama akaendelea kupakua.

Jumanne, Baba alipokwenda kazini, Burga alisikia kufuli likifunguliwa. Halikufungwa tena. Mama aliingia chumbani, akaketi kwenye kimeza cha dirishani akiwa ameinama, akampa mgongo kwa kitambo. Kisha akainuka, akaweka begi kitandani, na juu ya begi akaweka fomu ya Mbesa na, juu ya kipande cha karatasi nyekundu ya filamu, picha mbili ndogo. Zilikuwa za uso wa Burga, na nyuma yake shuka jeupe.

Burga akazigeuza. Mgongoni mwa kila moja yalikuwa yameandikwa majina yake yote matatu, kwa herufi kubwakubwa za bluu, bila kosa.

"Usishike hapo katikati," Mama alisema, akifunika kalamu. "Wino haujakauka."